Kanda Hulipwa kwa Kanda

Jumamosi, tarehe 29 Julai 2023, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mjini Nyeri yalikuwa yakianguka yale manyunyu ya Julai yasiyojaza pipa wala kuotesha mbegu, ambayo kazi yake ni kumwingia mtu mifupani. Mlima haukuonekana, na haukuwa umeonekana tangu Jumatatu. Mzee Theuri alifungua kufuli la mlango wake kama alivyolifungua kwa miaka thelathini na minne, akapangusa viatu kwenye gunia pale kizingitini, akaingia. Alikuwa amekuja kufunga.

Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya muuza mbegu: kirefu, chembamba, rafu kila ukuta. Kibao cha mlangoni kilisema Maktaba ya Video, na ole wake aliyekiita duka mbele ya mwenyewe. Duka huuza, Theuri angekuambia, na kilichouzwa kimekwenda. Maktaba huazimisha, na kilichoazimwa hurudi. Juu ya kaunta ulining'inia ubao wa mwerezi aliouandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi nyeupe zilizonyooka kama wanafunzi kwenye gwaride:

RUDISHA KANDA MWANZO.
USIGUSE TUNDU.
KANDA HULIPWA KWA KANDA.

Zamani, Ijumaa jioni, foleni ilishuka ngazi hadi barabarani. Walimu wa Tetu, makarani wa mahakama, wauguzi waliotoka zamu, wakulima waliopokea malipo ya kahawa, kila mmoja aliondoka na kanda mbili kwapani. Deki za kuzichezea zilikuwa chache. Aliyekuwa na deki kule Giakanja alikuwa na kijiji kizima sebuleni: watoto sakafuni, kina mama makochini, wanaume wamesimama mlangoni wakijifanya wanapita tu.

Kisha zikaja sidii, naye akanunua sidii. Kisha wakaja vijana wa kompyuta, wakakaa vibandani karibu na stendi, wakawa wanajaza filamu kumi katika flashi moja kwa bei ya soda. Theuri alishauriwa afanye vivyo hivyo. Akakataa. Kunakili kazi ya mtu bila idhini yake ni wizi, hata mji mzima ukikubaliana kuuita biashara. Vijana wale nao hawakudumu. Zilikuja simu, zikaja bando, ukaja waifai wa kuvutwa kwa waya hadi nyumba za mashambani, na kila mtu akawa na sinema yake mfukoni, anaitazama peke yake, shingo imepinda. Mwaka huu wote, wengi wa waliopanda ngazi zile kwa Theuri walipanda kuuliza choo kiko wapi.

Jumatatu angekabidhi funguo. Mwenye jengo alikuwa amepata mpangaji, msusi wa nywele. Kila kilichokuwamo ndani kilikuwa kimepata njia yake ya kutoka, isipokuwa kitu kimoja.

"Mzee Theuri! Habari ya baridi?"

Aliyepanda akihema alikuwa Mutahi, mnunuzi wa vyuma na plastiki, mtu wa makamo mwenye tumbo la kuheshimika, aliyeacha mkokoteni wake chini. Alisimama katikati ya chumba akazungusha macho.

"Ati hizi zote? Mzee, kumbe hii ndio ilikuwa intaneti yenu?"

"Ilikuwa na adabu kuliko yenu. Uliichukua, ukairudisha."

"Na mtu asiporudisha?"

"Angepita mbele yangu akiwa na sura gani?"

Mutahi alicheka mpaka akashika rafu. "Wewe nilikuwa nakuogopa, wajua? Baba alinituma hapa na kaseti nikiwa darasa la sita. Ukaniangalia juu ya miwani, ukasema haijarudishwa mwanzo. Ukanirudisha Kamakwa na miguu! Mvua kama hii!"

"Ilikuwa imeandikwa pale."

"Mzee, sikuwa najua kusoma vizuri!"

"Darasa la sita?"

"Hiyo nayo ni mambo ya mwalimu wangu, usinibebeshe mimi." Alianza kushusha kanda kwa mikumbo, akizitia magunia kama viazi. Mlio wa plastiki juu ya plastiki ulimwuma Theuri, lakini hakusema kitu; alikuwa ameshaziuza kwa kilo, na aliyeuza hana sauti. Mutahi alifika rafu ya juu kabisa, akanyoosha mkono hadi pembeni. "Na hii? Imefungwa kama mkate?"

"Hiyo usiguse."

"Si ni kaseti tu?"

"Si yangu," alisema Theuri.

Mutahi alimtazama, akaona si wakati wa mzaha. Alibeba magunia yake safari baada ya safari, akaahidi kurudia rafu saa sita, akaenda zake na mkokoteni uliolia kila mahali barabara ilipoinuka.

Kwenye ukuta uliobaki mtupu, lile furushi dogo la gazeti na kamba ya katani lilionekana kutoka kila upande wa chumba. Theuri aliketi kwenye kiti chake, akalitazama. Lilikuwa la Waweru wa Giakanja, na Waweru alikuwa amezikwa mwezi wa nne. Kama lingetoka pale kwenda kwao, lingetoka leo au kesho. Na miguu ya kulipeleka hakuwa nayo. Yaani, alikuwa nayo, ila iligoma.

Waweru na Theuri walikuwa wamesoma shule moja ya bweni, wamelala kitanda kimoja cha chuma, Waweru juu na Theuri chini, wameoga maji yale yale ya saa kumi na moja alfajiri yanayomfundisha mvulana kwamba dunia haimbembelezi. Theuri alipofanywa kiranja wa bweni, wa kwanza kuandikwa kwa kuchelewa alikuwa Waweru. Waweru alikula viboko vyake, na kesho yake akampa Theuri nusu ya mkate wake kana kwamba hakuna lililotokea. Tangu siku hiyo Theuri aliamini kwamba urafiki wao ulikuwa wa aina adimu, ule unaoweza kubebeshwa sheria usivunjike. Aliubebesha.

Desemba ya mwaka 2000, mama yake Waweru alitimiza miaka themanini, na ukoo ukakusanyika Giakanja kushukuru. Binamu mmoja alifika kutoka Nairobi na kamera ya kubebwa begani, zile zilizomeza kanda nzima. Kamera ipo, kanda tupu hakuna. Aliisahau mezani kwake. Juu ya deki ya Waweru ilikuwapo kanda ya maktaba, filamu ya mapigano ambayo watu wa Nyeri, kwa kuwa hawakuweza kutamka jina lake, waliiita Mzee wa Upanga. Kila kanda ya Theuri ilikuwa imevunjwa kile kijino cha pembeni, pakabaki tundu, ili mashine isikubali kurekodi juu yake. Lakini kila mwenye deki alijua dawa ya tundu: kipande cha karatasi na selotepu juu yake. Wakati huo bintiye Waweru, Ngendo, mwenye umri wa miaka saba, alikuwa ameshasimama uwanjani mbele ya nyanya yake kwa gauni la manjano, akingoja kucheza. Waweru alitazama kanda, akamtazama mtoto. Akaziba tundu.

Januari iliyofuata Waweru alipanda ngazi hizi mwenyewe. Alikuwa ameirudisha kanda mwanzo.

"Theuri, nimekukosea," alisema, akaiweka kauntani. "Nimefuta filamu yako. Niliona siku kama ile haingojei maduka yafunguliwe. Nitolee nakala moja kwenye deki zako, kisha uniambie bei."

Theuri aliuonyesha ubao kwa kidole. "Soma."

"Naujua. Si nilikushikia ngazi ukiupigilia?"

"Basi unajua kwamba fedha haziingii hapo. Filamu hii haiuzwi tena. Nikila fedha zako, rafu yangu itabaki na pengo. Na nikikusamehe wewe kwa kuwa tulilala kitanda kimoja, yule mkulima wa Othaya niliyemrudisha wiki jana nitamwambia nini?"

"Sijaomba msamaha. Nimeomba nakala."

"Lete Mzee wa Upanga," alisema Theuri, "uchukue Ngendo."

Waweru aliuliza, "Hayo ni maneno yako?"

"Ni ya ubao."

"Sawa, kiranja," alisema Waweru, akainamisha kichwa kidogo, akashuka ngazi. Theuri aliihesabu ile "kiranja" kuwa dharau. Alijiambia: amekataa kulipa, basi na akae na kiburi chake.

Agosti ya mwaka huo huo homa ya uti wa mgongo ilimchukua Ngendo katika muda wa siku mbili. Asubuhi ya mazishi Theuri aliifunga ile kanda kwa gazeti na kamba ya katani, akaitia mfuko wa koti, akaenda Giakanja. Alisimama kwenye foleni ya kutoa pole mkono mmoja ukiwa mfukoni, umeishika. Waweru alipofikiwa alimpa mkono, akasema, "Asante kwa kuja, Theuri," akanyamaza. Theuri alingoja neno moja tu. Aseme, nipe. Aseme hata, ile kanda. Waliokuwa nyuma walisukuma, foleni ikasonga, naye akarudi Nyeri na furushi mfukoni. Alilipandisha rafu ya juu, mahali ambapo mkono wa mteja haufiki. Hakulifungua tena. Kufungua cha mwenzio ni nusu ya kukiiba. Hilo nalo alifundishwa shuleni. Walikutana mara nyingi baadaye, benki, kanisani, kwenye mikutano ya wanafunzi wa zamani, wakaulizana afya na mvua. Wala mmoja wao hakulitaja.

"Hodi, Baba Mwai."

Theuri aliijua sauti iliyomwita kwa jina la mwanawe kabla ya kuinua macho. Alikuwa Beth, mke wa Waweru, sasa mjane wake. Sweta nzito ya buluu, kitambaa kichwani kikiwa na matone ya manyunyu, kikapu cha sokoni mkononi.

"Karibu, Mama Ngendo."

Lilimtoka hivyo. Beth alisimama pale pale kizingitini.

"Siku hizi mimi ni Mama Gathogo," alisema polepole. "Hiyo jina, hakuna mtu ameniita nayo miaka mingi. Watu wanaogopa." Akapangusa viatu kwenye gunia. "Lakini sawa. Ni yangu pia."

Theuri aliinuka akampisha kiti, kwa kuwa hakikuwapo kingine. Beth alikaa, akakishika kikapu magotini, akazitazama rafu tupu.

"Nilisikia unafunga."

"Jumatatu."

"Basi nimefika na wakati. Nyumbani hata hawakuelewa nakuja wapi. Gathogo ameweka waifai, kila mtoto ako kwa kona yake na simu yake. Nikamwambia mjukuu, naenda maktaba ya video. Akaniuliza, cucu, video iko na maktaba?"

Theuri alitaka kutabasamu, midomo ikakataa. "Pole kwa Waweru," alisema.

"Ulituma pole na simu, tuliona jina yako. Nilikuwa natarajia nikuone."

Kwa mtu asiyejua kusema uongo, jibu lilikuwa fupi. "Sikuweza kuja."

"Hata yeye alisema. Akiwa hospitali aliniambia, Theuri hatakuja kunizika, atatuma. Akacheka mpaka nesi akamgombeza."

Hapo Theuri alichukua ngazi fupi, akapanda, akalishusha lile furushi. Aliliweka kauntani kwa mikono miwili. Gazeti lilikuwa limegeuka rangi ya chai.

"Kanda yenu hii hapa," alisema. "Hakuna aliyeigusa. Ichukue, mama. Sidai kitu."

Beth hakunyoosha mkono. "Ngoja kwanza," alisema. Alipekua chini ya leso na vitunguu vya kikapuni, akatoa kanda, akaipangusa kwa kiganja ingawa ilikuwa safi, akaisukuma mbele ya Theuri. Ganda lilikuwa limepauka, lakini yule mzee aliyechorwa juu yake bado alikuwa ameinua upanga wake.

Theuri alishika ukingo wa kaunta. "Umeitoa wapi?"

"Kerugoya. Kuna mzee anaitwa Mugo, alikuwa na mahali kama hapa. Alipofunga akaweka kaseti zake zote kwa nyumba ya kuku. Nilikaa huko siku mzima nikipangusa mavi ya kuku, moja baada ya ingine, mpaka nikaona huyu na panga yake. Mugo akakataa pesa. Akasema, hizo kuku zangu zimelalia hizo kaseti mpaka zimekuwa ndugu, niletee jogoo. Nikampelekea jogoo."

"Hukuhitaji kufanya hivyo."

"Waweru ndiye alisema. Kuongea kwenyewe ilikuwa shida, na bado akasema. Usiende kwa Theuri mikono mitupu, kanda hulipwa kwa kanda. Nikamwambia, wewe na huyo Theuri wako na hiyo shule yenu mtanimaliza."

"Mama," alisema Theuri, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekanyaga ubao asioujua. "Mimi nilidhani Waweru alikataa kulipa."

"Kukataa?" Beth alimtazama kana kwamba amezungumza kwa lugha ya ng'ambo. "Baba Mwai, huyo mtu ametafuta hii kaseti mpaka amekufa. Si wajua alikuwa fundi wa pampu za maji? Kila mahali aliitwa, Nanyuki, Karatina, mpaka huko Doldol kwa watu wa ng'ombe, kwanza anauliza duka ya video iko wapi. Ndiyo anaenda kuangalia pampu. Huko Nanyuki kulikuwa na mtu mmoja anaitwa Muse, akimwona tu anapiga kelele, Mzee wa Upanga amekuja, na hatuna! Walimpatia hiyo jina. Halafu duka zikaanza kufunga. Kila akirudi nyumbani ananiambia, Beth, hata ile ya Karatina sasa inauza soli za viatu. Hata ile ingine ni kinyozi. Mwisho hakukuwa na mahali pa kuuliza."

Nje, mtu alikuwa akitangaza bei ya kabichi kwa kipaza sauti. Theuri alimsikia kama aliye chini ya maji.

"Siku tulipomzika Ngendo," alisema, "nilikuwa nayo mfukoni."

"Nini?"

"Hii, mfukoni mwa koti. Nilikuja nayo."

"Ukarudi nayo."

"Nilikuwa nangoja aseme neno moja."

Beth alikunja leso yake, akaikunjua. "Angesema nini, Baba Mwai? Hakuwa na ya kukupa."

Hakuinua sauti. Laiti angeiinua, Theuri angejua pa kusimama. Kukemewa alikuzoea tangu utotoni, na kukemea pia. Aliukata uzi wa katani kwa wembe, akakunjua gazeti la Agosti 2001, akaitoa kanda, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha kama alivyoinua maelfu kabla yake.

Kupitia kidirisha cha plastiki aliona weupe. Ulikuwa umetanda juu ya mkanda wote, kama unga uliomwagika, na ulipoingia ndani zaidi ulikuwa na vinyweleo. Ilikuwa kuvu. Kanda zilizotembea mikononi mwa watu, zikapigwa, zikapashwa joto na mashine, zilikauka na kuishi. Hii ilikuwa imekaa miaka ishirini na miwili ndani ya gazeti, kwenye ukuta wa upande wa mvua, bila kuguswa na mtu, kwa sababu haikuwa yake.

Alimweleza Beth bila kupunguza kitu. Alimweleza kwamba picha hukaa juu ya mkanda, na kuvu hula pale pale zinapokaa. Alimweleza kwamba mwanzo wa mkanda ndio huwa nje, na nje ndiko kulikoliwa zaidi.

"Mwanzo ndio Ngendo," alisema Beth.

"Ndiyo."

"Weka."

"Nikiiweka itakatika, mama."

"Na usipoiweka itapona?"

Theuri aliinama. Deki ya mwisho ilikuwa chini ya kaunta pamoja na televisheni ndogo yenye mgongo. Alikuwa amepanga kuondoka nazo Jumatatu. Alisafisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti, akautoa mkanda kidogo, akaupangusa mahali palipofikika. Kisha akaiingiza. Deki iliimeza, ikalalamika, ikaanza kuzunguka.

Chenga. Chenga tupu, nyeupe kwa kijivu, na mvumo kama wa mvua juu ya mabati. Beth alikuwa ameinuka kitini na kusogea mpaka pumzi yake ikatia umande kwenye kioo. Mstari ulipanda, ukashuka. Ndani ya chenga palipita kitu cha manjano, au hapakupita. Theuri hangeweza kuapa. Kisha, bila picha, ikaja sauti. Vigelegele kwanza, vya wanawake wengi, vikikatika na kurudi. Mbuzi. Mtu akicheka karibu sana na kamera. Halafu Waweru, kijana, kifua kikiwa kizima:

"Ngendo! Ngendo, simama hapo. Hapo hapo. Angalia huku. Haya, sema—"

Deki ilipiga yowe. Theuri aliukimbilia mtambo, akabonyeza, akachomoa waya ukutani, lakini ilikuwa imeshakwisha. Alipoinua kifuniko, mkanda ulikuwa umejisokota kwenye magurudumu kama utumbo, umekatika mara tatu, na unga mweupe umemwagika kila mahali.

Beth alikuwa bado ameinama mbele ya kioo kilichozimika.

"Alikuwa anamwambia aseme jina ya cucu," alisema mwishowe. "Nakumbuka. Na akasema. Alisema yote mawili, ya ubatizo na ya nyumbani, watu wakapiga makofi."

"Kuna mafundi Nairobi," alisema Theuri. "Wanaunga. Wanasafisha kwa dawa. Nitaipeleka mwenyewe, nitakaa pale mpaka—"

"Hapana."

"Gharama ni yangu."

"Hapana, Baba Mwai. Imekaa vya kutosha bila sisi." Alinyoosha kiganja. "Nipatie ya kwetu."

Theuri aliuchambua mkanda kutoka kwenye meno ya deki, kipande kwa kipande, asivute, akauzungushia kwenye kanda yake kadiri ulivyokubali. Alichukua muda mrefu, na Beth alimngoja. Alipomaliza aliifunga upya kwa gazeti lile lile na uzi ule ule uliobakia, akampa kwa mikono miwili. Kisha akaichukua ile ya Mzee wa Upanga kauntani, akamnyooshea nayo.

"Na hii pia ni yenu. Siwezi kuipokea."

Uso wa Beth ulikaza kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Utaipokea. Waweru hakuzikwa na deni ya mtu, na hutamwekea moja sasa. Iangalie. Iko mwanzo. Mugo alikuwa na mashine ya kuzungusha na mkono, nikairudisha mwenyewe."

Theuri aliitazama. Mkanda wote ulikuwa upande wa kushoto, umekaza, umesawazika. Alikuwa ameukagua upande huo mara nyingi kuliko alivyomtazama mtu yeyote usoni.

"Tumemalizana?" aliuliza Beth.

"Nyinyi mmemaliza," alisema Theuri. "Waweru amelipa."

Beth alitikisa kichwa kukubali, akalilaza furushi kikapuni juu ya vitunguu, akalifunika kwa leso. Alikuwa ameshafika kizingitini Theuri alipotoka nyuma ya kaunta akiwa ameikumbatia deki, waya ukiburutika nyuma yake.

"Mama Ngendo. Chukua hata hii. Ni ya mwisho, inafanya kazi, niitengeneze tu meno. Chukua. Hiyo ndiyo kanda yangu ya kulipa."

Beth aliiangalia ile mashine, akamwangalia yeye.

"Ya nini, Baba Mwai?" alisema. "Hatuna cha kuweka ndani."

Akashuka ngazi, kikapu amekiingiza chini ya sweta kisinyeshewe.